Jina la Kumi na Tatu

Kijitabu kilinifikia Jinja ndani ya bahasha ya kaki. Karatasi yake inang'aa, kurasa ni arobaini, na kila ukurasa una picha. Ni cha chuo kikuu kule Mbale, kinaeleza jinsi chuo kilivyoinua jamii kwa njia ya michezo tangu mwaka 1994. Nilikisoma nikiwa nimesimama. Makamu mkuu wa chuo yumo. Wahadhiri saba wamo. Mgeni mmoja wa kutoka ng'ambo, aliyekaa wiki mbili akababuka pua kwa jua, yumo mara mbili. Hata mimi nimo, ukurasa wa thelathini na moja, nimeachama mdomo. Adrisi hayumo. Kuna picha moja ya uwanja ambayo kiwiko chake kinaonekana pembeni, kiwiko na mpini wa fyekeo, basi.

Mimi ni mwepesi wa hasira na sijawahi kulificha hilo. Nilichukua kalamu niandike barua ya kugomba, ya kuwaambia kwamba shukrani ya punda ni mateke. Kisha nikakaa, nikanywa chai, nikaona ugomvi hautamfaa Adrisi kwa lolote, maana yeye mwenyewe hajui kugombana. Tena chuo hicho ndicho kilichonitoa kwenye kuuza nyanya. Nitaandika ya shukrani, na mtakapokuta pilipili kidogo ndani yake mnisamehe.

Adrisi alikuwa mtunza uwanja wa chuo. Alifika Mbale mwaka 1989, mwanamume wa makamo kutoka upande wa Arua, aliyekuwa askari zamani. Msikitini alisikia chuo kinatafuta mtu wa kufyeka majani, akaenda siku hiyo hiyo. Alivaa kaptura ya kaki aliyoipiga pasi ya mkaa mwenyewe kila asubuhi, hata siku ya mvua. Chokaa ya kuchorea mistari ilipokwisha stoo, alizunguka nyuma ya jiko la wanafunzi akachota majivu, na mistari ya majivu ya Adrisi ilinyooka kuliko ile ya chokaa.

Sisi wa Nabuyonga, mtaa wa jirani, tulimwona kwa mbali tu. Chuo chenyewe tulikiona kwa mbali. Tuliuza nyanya na vitunguu kwa wapishi wao, tukarudi nyumbani. Ndiyo maana wazo la kufungua uwanja kwa majirani nalisifu hadi leo, ingawa walilianza kwa kosa ambalo hata mbuzi wa Mbale asingelifanya. Walimwandikia mwenyekiti wa RC, baraza la mtaa wetu, barua nzuri yenye mhuri: vijana wa kiume, miaka kumi na sita hadi ishirini, mpira wa miguu, kuanzia mwezi wa sita mwaka 1994.

Sasa, 1994 ni mwaka wa shufwa. Kwetu Wagisu tohara ni mwaka wa shufwa, na mwezi wa sita vijana wote wa umri huo wako barabarani na kengele mapajani, wanacheza ngoma kutoka kwa mjomba hadi kwa mjomba. Mgisu yeyote angewaambia. Hawakumuuliza Mgisu. Jumamosi ya kwanza walikuja vijana wawili, na mmoja wao alikuwa amepita kuomba maji ya kunywa.

Habib ndiye aliyepewa kazi ya kuandikisha. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili kutoka Mombasa, mpole, na Kiswahili chake kilitiririka hadi tukadhani anasoma. Alikaa juu ya jiwe na fomu tupu magotini. Adrisi alisimama katikati ya uwanja aliouchora tangu alfajiri, mpira kwapani, akitazama huku na huku. Mimi na wasichana wenzangu tulikuwa tunakatiza uwanjani na vikapu vitupu, tunatoka sokoni.

"Nyinyi, kuja hapa," akasema Adrisi. "Kikapu weka chini. Nani anajua netiboli?"

Tulisimama palepale, na si kwa utii. Kwetu Kiswahili ni lugha ya mtu mwenye bunduki, na huyu, hata bila bunduki, alisimama kama anayo. Habib akamkumbusha kwamba fomu inasema vijana wa kiume.

"Fomu hapana cheza mpira," Adrisi akamjibu.

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Kijitabu kinasema netiboli ya wasichana ilitokana na utafiti wa mahitaji ya jamii. Ilitokana na kengele za mapajani na vikapu vitupu. Adrisi alichimbia magogo mawili ya mkaratusi, akafunga juu yake pete za chuma zilizotoka kwenye mapipa, na Jumamosi iliyofuata tulikuwa wasichana kumi. Ilijulikana baadaye kwamba zamani, alipokuwa mkufunzi wa mazoezi ya viungo katika kambi ya jeshi Jinja, alifundisha wake wa askari netiboli. Kanuni zote alikuwa nazo kichwani. Tatizo lilikuwa maneno.

Siku ya kwanza alinirushia mpira, akapaza sauti: "Kamata!" Niliuacha mpira nikatimua mbio. Wenzangu tisa walinifuata bila kuuliza, na wanawake wawili waliokuwa wakipita njia ya kando walikimbia nao, mmoja akaangusha mchicha. Tulipokusanyika tena, tukicheka kwa aibu, Adrisi hakucheka. Alimwuliza Habib kama huko kwao pwani kuna neno jingine. Habib akampa "daka." Wengi wetu hatukuwahi kulisikia. Lilikuwa neno jepesi, halina harufu ya kambi. Kuanzia siku hiyo uwanja mzima ulikuwa daka, daka, na Adrisi alilitamka kwa uangalifu kama mtu aliyeazimwa kikombe cha udongo.

Mwezi wa nane ukaja mwaliko. Timu yetu ingekwenda Jinja kucheza na timu ya mabinti wa askari magereza, na wakufunzi wa chuo wangekuwapo. Kutoka kila timu wangechagua wawili wa kusomea ukufunzi wa michezo kwa mwaka mmoja, bila ada, hata kama hukumaliza Senior Four. Mimi niliishia Senior Two. Nilikuwa na miaka kumi na saba, na mbele yangu niliona nyanya, kisha nyanya, kisha mume wa kuuza naye nyanya. Nilijua kabisa kwamba mlango mwingine hautafunguka. Asiyefika Jinja hachaguliwi, hilo hata mimi wa Senior Two nililielewa.

Asubuhi ya Jumamosi, kama saa moja na nusu, tulikusanyika kando ya barabara, wasichana kumi na mama zetu. Basi la chuo lilikuwa limekwenda Kampala, wakatuletea lori la kijani lenye turubai. Adrisi aliruka kutoka mbele, kaptura imenyooka, filimbi shingoni. Alifungua mlango wa nyuma wa lori, akapiga makofi mawili. Alikuwa na furaha, nakumbuka vizuri uso wake.

"Haya, watoto. Panda gari. Upesi upesi, panda gari."

Msomaji wa Nairobi au Dodoma hataona kosa hapo. Aulize Mganda yeyote wa umri wa mama yangu. Mwaka 1982 baba yangu, Mafabi, alikuwa Kampala kwa kazi ya uashi. Askari walizingira mtaa aliolala, wakawatoa wanaume nje, wakawaambia maneno hayo mawili. Maneno yenyewe yakawa jina la jambo: fulani alikwenda na panda gari, tukasema, na kila mtu akaelewa kwamba usiulize anarudi lini. Baba alipanda. Nilikuwa na miaka mitano, na hatukumwona tena.

Wasichana wawili walikuwa wameshaweka mguu kwenye ngazi ya lori. Mama zao waliwavuta chini kwa sketi. Mama yangu alinishika mkono juu ya kiwiko. Kisha mama mmoja akajitwisha kikapu, akageuka kurudi nyumbani na binti yake, na wa pili akamfuata. Niliuona mlango wangu ukifungwa mbele ya macho yangu, na kwa kweli, Mungu anisamehe, wakati huo nilimchukia Adrisi.

Habib alijaribu kusaidia. "Mama zangu, hayo ni maneno ya kawaida tu," akasema kwa Kiswahili chake kizuri. "Hata sisi Mombasa tunapanda gari kila siku."

"Ninyi mlipanda mkarudi," mama akamwambia.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na hapo lori zima lilikuwa unyasi. Adrisi alivua filimbi, akaitia mfukoni. Alikuja hadi mbele ya mama, akakaa chini kwenye vumbi na kaptura yake ya pasi, miguu ameinyoosha kama mtoto.

"Mama, mimi nakosa," akasema. "Hiyo neno mbaya, mimi najua. Mimi pia walinipandisha. Kampala, mwaka ya themanini na mbili. Miezi kumi na moja mimi iko ndani. Bibi yangu, mama ya watoto, anakuja kuuliza kila mahali, wanafungua kitabu, wanasema jina hakuna. Hakuna mtu aliandika. Huko Arua watu yangu wakalia matanga. Nikitoka, mimi ni mtu alikufa."

Wale mama wawili waliokuwa wakiondoka walisimama. Mama yangu aliinama kumtazama usoni.

"Basi kwa nini unalisema neno hilo kwa watoto wetu, afande?" Hilo afande alilitamka kwa ukali.

"Mama, Kiswahili yangu ni ya jeshi. Neno ingine ya kuingia kwa gari sina. Hakuna mtu alinipa."

Hakuna mahubiri niliyowahi kusikia yaliyoniingia kama hayo. Mama aliniachia mkono. Kisha akauliza swali ambalo sikujua amelibeba miaka kumi na miwili.

"Huko ndani, hukumwona mtu mrefu anaitwa Mafabi? Mwashi. Kidole hiki hana."

Nilimwona Adrisi akitafuta kwa dhati, anawapitia watu mmoja mmoja kichwani mwake.

"Tulikuwa wengi, mama," akasema. "Hatukuulizana majina. Tuliogopa. Unisamehe."

Mama akajifuta uso kwa leso. Akamgeukia Habib. "Wewe msomi, una kalamu. Andika."

"Niandike nini, mama?"

"Majina. Kila anayeingia humo. Waliochukua watu wetu hawakuandika. Ninyi mtaandika, na karatasi nitabaki nayo mimi."

Habib alitoa karatasi aliyokuwa nayo, ile fomu ya vijana wa kiume, akaandika nyuma yake. Wasichana kumi, kila mmoja na jina la ukoo. Jina lake mwenyewe la kumi na moja, la dereva la kumi na mbili. Akamsomea mama, ambaye hajui kusoma. Mama akamwambia asome tena, naye akasoma tena.

"Na huyu?" Mama alimwonyesha Adrisi, ambaye bado alikuwa amekaa vumbini.

"Mzee Adrisi ni mfanyakazi wa chuo, mama. Anajulikana."

"Wangu naye alikuwa anajulikana. Andika."

Habib akaandika jina la kumi na tatu. Mama alikunja karatasi mara nne, akaifunga kwenye pindo la leso. Habib akamnong'oneza Adrisi kitu, na Adrisi akasimama, akajipangusa, akatuita kwa sauti ya chini: "Ingia, watoto. Ingia pole pole." Tukaingia, wote kumi.

Safari yenyewe ilikuwa vumbi. Barabara ya Tirinyi siku hizo haikuwa na lami, na tulifika Jinja nyusi zimekuwa nyekundu. Tulipita katikati ya mji, kwenye maduka ya zamani ya Wahindi yenye majina ya familia na miaka yaliyochongwa juu ya milango, na kwa sababu ya mambo ya asubuhi mimi niliyasoma yote. Adrisi alituonyesha kwa kidole upande wa kambi alikofundisha zamani. Hakuomba lori lipite huko.

Tulifungwa, ishirini na moja kwa kumi na nane. Kapteni wao, Aber, binti wa askari magereza kutoka Gulu, alikuwa mrefu hadi nikadhani anaweza kuweka mpira ndani ya pete bila kuruka, na karibu ilikuwa hivyo. Nilimkaba robo zote nne. Nilikanyagwa, nikamkanyaga, nikaonywa na mwamuzi, nikamjibu mwamuzi, nikaonywa tena. Adrisi alitembea pembeni ya mstari akisema daka, daka, taratibu, wala hakupaza sauti hata tulipokuwa tunashindwa. Mwishoni wakufunzi wa chuo walisoma majina manne. La Aber lilikuwa la kwanza, langu la nne. Mkufunzi alisema amenichagua kwa sababu sikukata tamaa, na akaongeza kwamba mdomo wangu utahitaji mwaka wake peke yake.

Tulilala kwenye darasa la shule ya magereza, wake wa askari wakatupikia ugali wa wimbi na samaki. Walituita wageni wao na kutuongezea mchuzi bila kuombwa.

Mwaka wa kozi ulipita vizuri. Tangu 1996 mimi na Aber tuko hapa Jinja, tunafundisha netiboli kila Jumamosi katika uwanja ule ule, wasichana sitini na kitu, wengine wa kambi, wengine wa sokoni, wawili mabinti wa duka la Wahindi waliorudi. Kila mwaka chuo kinatuletea wanafunzi wake wajifunze kazi kwetu. Watatu kati ya wasichana wetu wamerudi shule. Mmoja ni polisi sasa, na alinisimamisha barabarani mwezi uliopita akitaka tu kunisalimu, moyo wangu nusura utoke. Hayo yote chuo kiliyafanya, nami nakishukuru kwa moyo mmoja. Ila ukurasa wa kumi na tisa wa kijitabu unasema kamati ya chuo ilibuni utaratibu mpya wa safari: orodha ya majina nakala mbili, moja iachwe kwa wazazi, na jina la kila mfanyakazi liwemo. Kamati. Nilipofika hapo ndipo chai ilipohitajika.

Adrisi alistaafu mwaka jana. Magoti yamemshinda, anasema, ila pasi bado anapiga. Aliwahi kwenda Arua, wanawe wakamtazama kama mzuka kisha wakamzoea, na mmoja wao huja Mbale kumwona kila Idi. Anaishi Nabuyonga, nyuma ya msikiti, na mama humpelekea nyanya. Husema zitaoza zikibaki. Haziozi, mimi nimeziona.

Lakini ninachotaka kijulikane hasa ni Jumapili ile tuliporudi.

Tulifika Mbale karibu saa saba mchana. Mama zetu walikuwa palepale kando ya barabara, wamekaa kwenye majani, na jirani mmoja aliniambia kwamba mama yangu alifika hapo tangu kumepambazuka. Lori liliposimama aliinuka, akafungua pindo la leso, akaitoa karatasi. Alituzuia kwa mkono tusishuke. Aliishika karatasi kwa mikono miwili, juu chini, akaanza kuita majina. Alikuwa ameyashika yote kichwani, kwa mpangilio ule ule, tangu Habib alipomsomea mara mbili. Nadhani usiku kucha alikuwa akiyapitia.

Aliyeitwa alijibu, akashuka, mama yake akampokea. Mimi nilikuwa wa sita. Aliniita kwa sauti ile ile aliyowaitia wengine, hakunitazama, maana kazi ilikuwa haijakwisha. Habib alijibu "nipo" akashuka. Dereva alitoa kichwa dirishani akajibu. Sisi tayari tulikuwa tumeanza kuzungumza, tunasimulia mabao.

"Adrisi," mama akaita.

Alikuwa nyuma ya lori, ameshika komeo la mlango. Aligeuka. Mgongo ukanyooka, mikono ikashuka ubavuni, kama wanavyofanya jeshini wanapoitwa, na mdomo ukafunguka kujibu kama wanavyojibu jeshini. Neno halikutoka. Mama alisubiri, macho kwenye karatasi.

"Nimerudi, mama," akasema.

Mama akakunja karatasi. "Mulembe, papa," akamwambia, salamu ya amani kwa lugha yetu, ile tunayompa baba wa nyumbani. Adrisi aliitikia kwa kichwa tu. Akazunguka upande wa pili wa lori, na hata tulipomaliza kushusha mizigo yote alikuwa bado huko, amechuchumaa, anakagua tairi ambalo halikuwa na shida yoyote.